Mahindi Yasiyokauka: Somo la Vikundi Juu ya Sumu ya Kuvu



Katika toleo hili tumeona tuzungumze juu ya mahindi. Mtasema, "Mahindi tunayajua, tumeyalima tangu utoto." Ni kweli, na hatuji kuwafundisha kushika jembe. Lakini ni mahindi haya haya ya mashamba yetu ambayo yameua watu huku Ukambani, na si mara moja. Tunaomba somo hili lisomwe polepole mkutanoni, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakimsimamisha panapo swali. Si lazima limalizike kwa siku moja.

NJIWA, MBWA, HALAFU WATU

Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, njiwa walianza kufa. Nani atashtuka kwa sababu ya njiwa? Baadaye mbwa nao wakafa. Mwishowe wakaanza kuugua watu. Wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali tatu, macho yamegeuka manjano, ini limeharibika, na 12 kati yao walifariki. Madaktari walipofuatilia hadi nyumbani walikuta kwamba mahindi waliyokuwa wakila yalikuwa na sumu inayoitwa aflatoksini. Siku hizi vitabu vya Kiswahili vinaiita sumukuvu, yaani sumu itokayo kwa kuvu, na sisi tutaiita hivyo.

Miaka 23 ikapita. Mwaka 2004, kati ya Januari na Julai, ugonjwa ulirudi kwa nguvu zaidi. Waliougua na kuandikishwa walikuwa 317, na waliofariki 125. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, wengine wa Machakos na Thika. Wako kati yetu waliozika watu mwaka ule, na tunaposoma somo hili na vikundi huwa kuna mtu anayenyamaza kimya. Mwacheni anyamaze, au aongee akitaka.

Wataalamu wa wizara na wenzao walikwenda sokoni mwaka huo huo wakanunua mahindi na unga katika masoko 65 ya sehemu hizo na kuyapima. Zaidi ya nusu, yaani asilimia 55, yalikuwa yamepita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Asilimia 7 yalikuwa yamepita kiwango hicho mara hamsini. Kwa hivyo haikuwa shida ya boma moja lenye uchafu au mama mmoja mvivu. Tunasema hivi kwa sababu aibu imewafanya watu wengi wafiche mahindi yao mabaya, na kufichwa kunaua.

SUMU HII NI KITU GANI?

Kuvu ni ule ukungu mnaoujua. Kuna wa aina nyingi. Huu tunaousema una rangi ya kijani kibichi yenye umanjano, na makao yake ni udongo wa shamba na mabua ya zamani. Upepo na wadudu huupeleka juu ya mahindi yakiwa bado yamesimama. Mahindi yakipata kiu wakati wa kutoa nywele, au yakitobolewa na wadudu, kuvu hupata mlango wa kuingia. Baada ya kuvuna, kuvu ikikuta unyevu na joto, hukua upesi na kutengeneza sumu. Njugu karanga nazo hushikwa vivyo hivyo, na mtama pia.

Sasa shikeni jambo hili vizuri, kwa maana hapa ndipo watu hukosea. Kuvu na sumu yake ni vitu viwili. Kuvu unaweza kuiona; sumu huioni, haina harufu wala ladha. Ukianika mahindi yaliyoota kuvu, kuvu itakauka na kupukutika na sumu itabaki. Ukiosha, kuvu itaondoka na sumu itabaki ndani ya punje. Ukipika, hata ukichemsha isyo kuanzia asubuhi hadi jioni, moto wa jikoni haufikii kiasi cha kuimaliza. Ukisaga, umeificha tu ndani ya unga mweupe. Na mahindi yanayoonekana mazuri kabisa yaweza kuwa nayo.

Ni sumu kali kiasi gani? Sheria ya Kenya inasema isizidi sehemu 10 kwa sehemu bilioni moja. Hesabu hiyo ni ngumu kichwani, basi tuipeleke kwenye gunia. Katika gunia zima la kilo 90, sumu yote ikikusanywa pamoja haitakiwi kufika uzito wa punje ishirini za chumvi ya mezani. Ndiyo maana hakuna mtu awezaye kuonja na kusema, "Haya ni sawa."

Anayekula nyingi kwa muda mfupi huugua ini: macho manjano, kutapika, tumbo kuuma na kujaa maji, miguu kuvimba. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haoni kitu, ila ini linaumia pole pole na saratani ya ini yaweza kumpata, hasa akiwa na ugonjwa wa hepatitisi B. Watoto wanaoila mara kwa mara wameonekana kuwa wafupi na wadhaifu kuliko wenzao. Kwa hivyo hata mahali ambapo hakuna aliyekufa, msiseme haituhusu.

KWA NINI MAHINDI YALILALA CHUMBANI

Baada ya vifo vya 2004, wachunguzi walilinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na nyumba jirani ambazo hazikupata. Walikuta tofauti moja kubwa: wale walioweka mahindi kabla hayajakauka ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi. Mahindi hayo yalikuwa yamevunwa mwezi wa Februari wakati mvua zisizo za msimu zilipokuwa zikinyesha. Tena wengi waliyaweka ndani ya nyumba ya kulala, si katika ghala la nje.

Mtu wa mbali akisikia hivyo anauliza, "Kwani hawakujua kwamba mahindi hukaushwa?" Walijua. Kila mtoto wa Ukambani anajua. Ghala la zamani, ile ikumbi ya babu zetu iliyosukwa kwa fito na kuinuliwa juu ya miti, ilikuwa inapitisha upepo kila upande. Shida ni kwamba njaa ilikuwa imebisha hodi, na penye njaa mwizi hayuko mbali. Mahindi yakikaa shambani yakauke, asubuhi unakuta mabua matupu. Yakikaa kwa ghala la nje, wanakata fito usiku. Basi mama anafanya kile ambacho mama yeyote angefanya: anavuna mapema, anajaza kwenye magunia ya nailoni, anapanga kando ya kitanda, analala akiyasikia. Hapo chumbani hakuna upepo, kuna joto la watu na la jiko, na gunia la nailoni halipumui. Kuvu ikitaka kuchagua mahali haiwezi kupata pazuri kuliko hapo.

Kwa hivyo sisi tunaona kwamba somo hili, ingawa linaitwa la kilimo, kwa kweli ni somo la ulinzi. Afisa wa kilimo anaweza kutuambia mara mia tukaushe. Kama mtu mmoja peke yake hawezi kuacha mahindi nje siku tano bila kuibiwa, atayaingiza ndani tu. Lakini watu ishirini wanaweza. Mwethya ulikuwako kabla ya ofisi yetu, na ulijenga mitaro na mabwawa; kulinda mahindi ya wiki moja hakuwezi kuushinda.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokuwa tukikitembelea kilijaribu hivi. Walichagua boma moja katikati, lenye ua wa miiba na mbwa wakali. Kila mwanachama alileta mahindi yake huko kwa zamu ya siku alizopewa. Turubai zilinunuliwa kwa pesa za mzunguko, na wanaume wa nyumba hizo, pamoja na vijana, wakapangwa wawili wawili kulala hapo. Msimu wa kwanza ulikaribia kuvunja kikundi. Mama mmoja aliyeleta magunia mawili yaliyojaa alipoyachukua akakuta hayajai tena, na alipoyapima kwa mizani akakuta yamepungua kilo kadhaa. Akasema ameibiwa na walinzi. Maneno yakawa mengi, na mweka hazina akataka kujiuzulu.

Hakuna aliyeiba. Kilichoondoka kilikuwa maji. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, ukilikausha hadi asilimia 13, litabaki karibu kilo 83. Kilo saba zimepaa hewani, na punje zenyewe zimenywea kidogo. Tulikaa nao chini ya mti tukafanya hesabu hiyo kwa kijiti juu ya mchanga, na tangu hapo wanapima mbele ya wote mahindi yanapoingia na yanapotoka, na katibu anaandika. Nanyi mkianza, waelezeni watu habari ya maji kabla ya kupima, si baada ya kugombana.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotufanya tuuze mahindi mabichi. Broka akija na lori lake ananunua kwa kilo au kwa gunia, haulizi unyevu, na mkulima anaona akikausha amepoteza. Ni kweli kwa siku ile. Lakini mahindi hayo yanakwenda yanaoza kwa stoo ya mtu, na mwezi wa Oktoba au Novemba, ghala zetu zikiwa tupu, tunayanunua tena sokoni kwa gorogoro. Soko lililopimwa 2004 lilijazwa na mahindi ya nani?

KUKAUSHA, NA CHUPA YA CHUMVI

Vuneni mahindi yakishakomaa. Dalili ni majani ya gunzi kukauka, na ukitoa punje na kuangalia sehemu iliyoshikana na gunzi unaona kidoa cheusi. Baada ya hapo punje haikui tena, na kuyaacha shambani majuma mengi ni kuwakaribisha wadudu. Mahindi yasilale chini udongoni, hata usiku mmoja. Mkiyakata mabua na kuyasimamisha kwa marundo, masuke yaangalie juu na hewa ipite katikati.

Anikeni juu ya turubai, mkeka au kichanja, siyo juu ya mchanga, maana tumesema kuvu inakaa udongoni na usiku udongo hutoa unyevu. Tandazeni kwa wembamba, unene wa vidole viwili tu, na mgeuze kila saa moja au mbili. Saa kumi na moja jioni kusanyeni na mfunike kabla ya umande. Kuku na mbuzi wafukuzwe. Kinyesi chao kina unyevu, na huo si mbolea pale.

Sasa, mtajuaje kwamba yamekauka? Wengi wetu tunang'ata. Punje ikilia "ka!" tunasema tayari. Meno si kipimo kibaya, lakini meno ya kijana na ya nyanya hayalingani. Kuna njia ya chupa na chumvi ambayo kila kikundi kinaweza kuifanya bila gharama.

Tafuteni chupa ya kioo yenye kifuniko na mdomo mpana, safi na kavu kabisa. Chumvi nayo iwe kavu; kama imeshika unyevu, ianikeni juani kwanza au mwipashe moto kwenye sufuria. Chukueni mahindi kutoka sehemu mbalimbali, juu, katikati na chini ya rundo, siyo yale ya juu tu yaliyopigwa na jua. Tieni mahindi hadi theluthi ya chupa, ongezeni vijiko vitatu vya chumvi, fungeni, mtikise kwa dakika moja. Wekeni chini mngoje dakika kumi na tano. Kama chumvi imenata kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na lazima yarudi juani. Kama chumvi imeanguka chini na kioo ni kisafi, yameshuka hadi 15 au chini yake.

Hapo msishangilie bado. Chupa inaonyesha 15 tu, na mahindi ya kuweka yanatakiwa yasizidi 13 na nusu. Kwa hivyo baada ya chupa kusema ndiyo, ongezeni siku moja au mbili za jua kali. Wale walio karibu na ghala la Bodi ya Nafaka wanaweza kupeleka sampuli ipimwe kwa mashine. Na mahindi ya chupa yasitupwe, yapikeni siku ile ile. Chumvi imeshatiwa.

KUPUKUCHUA NA KUWEKA

Tumezoea kutia mahindi guniani na kuyapiga kwa fimbo. Kazi inakwisha haraka, lakini punje zinapasuka, na kila ufa ni mlango. Pukuchueni kwa mkono au kwa mashine ya kuzungusha. Kikundi kinaweza kununua moja ikazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa njugu, wako wanaonyunyizia maji maganda ili yalainike vidole visiumie. Tunajua vidole vinauma. Lakini maji hayo ndiyo kuvu iliyokuwa ikiyangoja, basi tafadhali acheni.

Ghala lifagiliwe na mabaki ya mwaka uliopita yaondolewe kabla ya mahindi mapya kuingia. Msichanganye ya zamani na mapya. Magunia yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Dawa ya unga ya kuua wadudu inasaidia, kwa kuwa fukusi na dumuzi wakitoboa punje wanatoa joto na unyevu, lakini dawa hiyo haiondoi sumukuvu. Tumekutana na watu wanaoamini kwamba mahindi yenye dawa hayana shida yoyote. Sivyo.

Siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni nzito mbili ndani na gunia la kawaida nje. Ukiifunga vizuri wadudu wanakosa hewa na kufa, huhitaji dawa. Ni mizuri na tunaipendekeza, tena inafaa kwa mtu anayelazimika kuweka mahindi ndani ya nyumba. Ila mfuko haukaushi kitu. Ukiujaza mahindi mabichi utafungua uvundo.

HUKO SHAMBANI

Hapa tutapita upesi, kwa sababu mengi mnayafanya tayari. Mahindi yaliyopata kiu ndiyo yanayoshikwa, kwa hivyo chochote kinachopunguza kiu kinapunguza sumu: kupanda mapema mvua ikianza, mbegu zinazokomaa haraka kama Katumani, mitaro ya kuzuia maji, samadi, palizi ya wakati, na kutobanana kwa mimea. Badilisheni mazao, msipande mahindi juu ya mahindi au njugu baada ya mahindi kila msimu.

Jambo jipya ni dawa inayoitwa Aflasafe KE01, iliyoandikishwa Kenya mwaka 2015. Si sumu. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ya jamii ile ile, lakini aina isiyotengeneza sumu. Inamwagwa shambani kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Ile kuvu njema inashika nafasi na ile mbaya inakosa pa kukaa. Ni kama kupanda nyasi nzuri ili magugu yasipate mahali. Wengine wanaogopa wakiona tunapeleka kuvu shambani kwa hiari yetu, na hofu hiyo si ujinga, ulizeni maswali yote kwa afisa wa kilimo. Kikundi kikinunua pamoja, gharama hugawanyika. Lakini hata aliyeitumia lazima akaushe.

KUCHAGUA, NA MUTHOKOI

Sumu haienei sawasawa guniani. Mara nyingi imekusanyika katika punje chache: zile zilizonyauka, zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani, nyeusi au ya kahawia. Kuchagua kwa ungo na mkono kabla ya kusaga kunapunguza sana. Akina mama wamefanya hivyo tangu zamani, na katika hili wasiharakishwe na mtu anayesubiri ugali.

Habari njema ni kwamba muthokoi wetu una faida. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini hutoka, na sehemu ya sumu hutoka pamoja navyo. Waliopima walikuta imepungua, nyumba moja kidogo na nyingine sana. Haiishi, kwa hivyo muthokoi usiwe kisingizio cha kukoboa mahindi mabovu. Na yale makapi yaliyotoka yamebeba sumu. Mahindi yakiwa na shaka, kuku wasipewe.

GUNIA LILILOHARIBIKA

Tumefika mahali pagumu. Nyanya mmoja, anayelea wajukuu wanne, alitupeleka nyuma ya pazia akatuonyesha magunia matatu. Moja lilikuwa limeota kuvu, ukipitisha mkono ndani unasikia joto. Alituuliza hivi: "Mkiniambia nitupe, nitatupa. Halafu Jumatano nitawapa nini?" Tulikuwa tumekuja na somo zuri na picha zake, na kwa swali hilo hatukuwa na jibu.

Ukweli ni kwamba gunia la namna hiyo halifai kuliwa. Halifai pia kupewa ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita na kuingia ndani ya maziwa anayokunywa mtoto. Kuku na mbwa hufa nayo, kumbukeni 1981. Kupikia pombe ni kuwapelekea wengine. Kuuza ni hivyo hivyo. Linachomwa au kufukiwa kwenye shimo refu, mbali na kisima, mdomo na pua vikiwa vimefungwa kitambaa ili vumbi lisivutwe.

Lakini mtu mwenye njaa hatachoma chakula kwa kuambiwa tu. Kikundi cha nyanya huyo kilifanya jambo ambalo sisi hatukuwafundisha. Kila mwanachama alileta gorogoro mbili, na jioni ile akawa na zaidi ya nusu gunia la mahindi makavu. Ndipo lile bovu likachomwa, yeye mwenyewe akiwasha kiberiti. Msimu uliofuata wakaamua kila mmoja aweke gorogoro mbili katika mfuko wa kikundi usiopitisha hewa, kwa ajili ya yeyote atakayekuta mahindi yake yameharibika. Tangu hapo, walituambia, watu wanaleta magunia yao yaangaliwe bila kuficha. Sisi tunaona mfuko huo mmoja umefanya kazi kuliko mikutano yetu mingi.

KAMA MTU ANAUGUA

Mkiona mtu macho manjano, tumbo linajaa au anatapika, hasa wakiwa zaidi ya mmoja nyumba moja, au mbwa na kuku wanakufa wakati huo huo, msingoje. Nyumba nzima iache mahindi hayo siku hiyo hiyo. Mgonjwa apelekwe hospitali, na mbebe kikombe cha mahindi au unga aliokuwa akila, mmwambie daktari mlikoupata. Wambieni pia chifu na mhudumu wa afya wa kijiji, kwa maana jirani aweza kuwa amenunua kwa muuzaji yule yule. Msipoteze siku mkisema ni malaria au amerogwa. Na watoto wachanga wapate sindano zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani yake mna chanjo ya hepatitisi B, ambayo ni rafiki mbaya wa sumu hii.

Unga wa dukani nao hauko salama kwa sababu tu umefungwa vizuri. Novemba 2019 shirika la kuangalia ubora wa bidhaa, KEBS, lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi nchini kwa sababu ya sumukuvu. Mwenye mahindi yake aliyoyakausha mwenyewe ana hakika kuliko wengi wa mjini.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni watu watano watano kwanza, halafu mkutane wote.

1. Msimu uliopita, mahindi yako yalikaa siku ngapi juani, na yalilala wapi usiku? Kila mtu aseme ukweli, mwenyekiti akitangulia.

2. Katika kijiji chetu mahindi huibiwa wapi zaidi, shambani, kwa ghala au njiani? Nani anaweza kulinda, na atapewa nini kwa usiku wake?

3. Tuna turubai ngapi sote kwa pamoja? Zinatosha magunia mangapi kwa wiki moja?

4. Mwanachama akikuta gunia lake limeharibika kesho, kikundi kitamfanyia nini kabla ya kumwambia alichome?

Kwa mkutano ujao kila mmoja alete mahindi vikombe viwili kutoka ghala lake, kwenye mfuko mdogo wenye jina. Katibu alete chupa, kijiko na chumvi kavu.